Daraja Alilolijua Mama Pacha

Ofisi ya Mama Pacha ilikuwa kona ya chumba cha kulala: kiti, meza na simu. Mumewe, fundi cherehani, alishona sebuleni. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kupokea simu za wagonjwa na kuwatumia gari la hospitali. Wenzake wawili nao walifanya kazi hiyo hiyo, kila mmoja nyumbani kwake. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Jumatatu moja dereva wa gari hilo alimwambia, "Daraja limepasuka. Tupitishe njia ya kiwandani."

Mwenzake mmoja, Mzee Kofia, akauliza njia. Mama Pacha akamjibu yeye peke yake, kwa ujumbe wa siri. Ndivyo walivyozoea, ili muulizaji asionekane hajui kazi. Heshima gani hiyo, jamani!

Alhamisi mwenzao wa tatu, Dada Sauti, alituma gari lipite darajani kumchukua mama mjamzito. Likageuza. Saa nzima ikapotea. Yule mama alipona. Mtoto hakupona.

"Kwani hamkujua?" mumewe aliuliza.

"Nilijua, Baba Pacha. Tangu Jumatatu." Akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kiongozi wao, muuguzi mstaafu, akawapigia wote kwa pamoja.

"Habari ya daraja uliiweka wapi, Mama Pacha?"

"Kwenye simu ya Mzee Kofia, mama."

"Basi uliifungia kabatini. Hatukai chumba kimoja, hakuna wa kukusikia ukimwambia jirani. Kuanzia leo tuna daftari moja, kila mtu analiona kwenye simu yake. Ukijua jambo, andika: nini, wapi, tangu lini, nani kasema. Kabla ya zamu, soma. Na maswali tuulizane mbele ya wote. Kutojua si aibu."

"Na mambo yakibadilika?" Mzee Kofia aliuliza.

"Atakayejua wa kwanza arekebishe. Msinisubiri mimi."

Miezi miwili baadaye, Mama Pacha alisoma kabla ya zamu: "Hospitali ya mjini haina oksijeni tangu asubuhi. Kasema nesi wa zamu." Aliyeandika ni Dada Sauti. Mara baba mmoja akapiga: mwanawe anashindwa kupumua. Mama Pacha akaelekeza gari hospitali ya pili. Mtoto akapona.

Mchana simu ikalia tena. Alikuwa yule mama aliyefiwa na mtoto.

"Nataka jibu moja tu. Habari ya daraja mliijua lini?"

Mama Pacha angeweza kusema hajui.

"Jumatatu ile, mama, siku tatu kabla. Niliijua mimi."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi tunajua wote."

"Mmechelewa," yule mama alisema, akakata simu.