Mashua Iliyokosa Hadithi

Kila asubuhi Leonida huchemsha chai ya watu wawili. Akishamimina kikombe cha kwanza, ndipo hukumbuka. Mumewe, Cephas, alifariki mwaka juzi. Watoto wake, Austine na wadogo zake, wanaishi Nairobi. Katika boma lake kisiwani Rusinga amebaki na kuku, na kuku hawana maongezi.

Kilichompunguzia upweke ni wiki aliyoianzisha Cephas, akamwachia aitunze. Wiki ni tovuti ambayo wasomaji wenyewe huandika na kusahihisha. Hii ilihusu kila mashua ya kisiwa: nani aliiunda, nani aliivulia, kwa nini ikapewa jina lile. Leonida aliisoma kwa simu kila siku. Mtu akiandika, alijiona ana mgeni.

Ukurasa mmoja ulikuwa mtupu. Ulikuwa wa mashua ya Cephas mwenyewe, iliyoitwa Jumanne. Leonida alimuuliza sababu ya jina hilo miaka yote. Mzee alicheka tu, akafa nayo.

Kisha yakaja matangazo ya kamari na dawa za ajabu ajabu. Siku moja Leonida alikuta hadithi nzima imefutwa, pamewekwa picha za kamari. Alikasirika sana. Akaweka sharti: anayetaka kuandika ajibu kwanza, "Wewe ni mjukuu wa nani hapa Rusinga?" Babu asipokuwa kwenye orodha yake, mtu anakataliwa papo hapo.

Matangazo yakakoma. Watu nao wakakoma. Miezi mitatu ilipita bila hata neno moja. Ndipo Leonida alipokwenda Mbita kwa Marion, mwalimu wa kompyuta.

"Mama Austine, ni nini imeharibika?" Marion aliuliza.

"Hakuna kitu imeharibika, nyara, binti yangu. Ni kimya tu. Hii kimya inanimaliza."

Marion alifungua orodha ya waliokataliwa. "Wengi ni matangazo, sawa. Lakini huyu je? Amejaribu mara nne." Akasoma: "Mimi ni Nyangau wa Ntimaru. Sina babu Rusinga. Nilivua na Cephas miaka sita. Nataka kuandika juu ya Jumanne."

Leonida alisogea karibu asome mwenyewe. "Nyangau! Kumbe ni mimi nilimfungia?"

"Ulifungia wezi na wageni pamoja."

"Sasa nikifungua, si matangazo yatarudi?"

"Mchana lango la boma lako si liko wazi? Lakini unaona nani anaingia. Weka swali rahisi, ambalo mtu yeyote aliyekaa hapa anajua."

"Samaki wadogo wanaoanikwa ufuoni wanaitwaje?"

"Omena! Hiyo ni sawa. Watu wa matangazo wakiijua, badilisha. Halafu mgeni akiweka linki, maneno yake yangoje uyasome. Yasiyo na linki yatokee mara moja."

"Na wakifuta tena?"

"Wiki hutunza kurasa za zamani. Unabonyeza 'Rudisha', basi. Na usilinde peke yako, mama. Tafuta wenzako, muwe wawili, watatu."

"Mimi niko na nani?"

"Uko na mimi," Marion alisema.

Walibadilisha siku hiyo hiyo. Nyangau alikuwa ameacha namba ya simu, nao wakamwandikia ajaribu tena.

Juma lililofuata yalipenya matangazo mawili. Marion alifuta moja, Leonida akafuta la pili. Watu watatu waliandika habari za mashua zao. Na asubuhi moja, chai ikiwa mezani, ukurasa wa Jumanne haukuwa mtupu tena.

"Jumanne ni siku Cephas alipomvusha mkewe kutoka Kendu Bay," Nyangau alikuwa ameandika. "Mashua ilikuwa ya kuazima. Mimi nilichota maji yaliyoingia. Bibi arusi alitapika njia nzima. Cephas akaniambia, 'Nitaunda yangu, niiite siku hii.'"

Leonida alicheka, kisha akalia. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Akatazama kile kikombe cha pili, akachukua simu na kubonyeza "Hariri".

Aliandika: "Si njia nzima. Ni nusu tu. Nusu ile nyingine, Cephas alinishika mkono."