Gasketi Iliyoungua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lusia alifagia uwanja wa nyumba yao pale Kambarage, mjini Shinyanga, kisha akachukua kitambaa na ndoo ya maji akafuta vumbi kwenye vioo vya kipanya, basi dogo la baba yake. Kipanya kile kilikuwa cha zamani. Rangi yake ya buluu ilikuwa imepauka kwa jua, na injini yake ilikaa chini ya viti vya mbele. Baba yake, Masalu, alikitumia kubebea mpunga na viazi vitamu kutoka Didia hadi sokoni mjini. Siku za Jumamosi Lusia alifuatana naye, kwa kuwa huko Didia ndiko alikoishi bibi yake, Bibi Scolastika, mama mzazi wa Masalu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, Masalu alipowasha gari, lilitoa sauti ambayo Lusia hakuwahi kuisikia. Ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga debe kwa kijiti. Injini ilipopata moto sauti ikapungua, lakini harufu ya moshi ilibaki ndani.

"Baba, gari linanuka," alisema Lusia.

"Nimesikia. Tutapitia kwa Makoye."

Makoye alikuwa fundi mwenye gereji ndogo mtaa wa pili. Alipokea shikamoo ya Lusia, akainua kiti cha mbele, akamulika tochi chini. Kisha akamwita Masalu aone masizi meusi yaliyoganda ubavuni mwa injini.

"Moshi unatokea hapa," alisema. "Hiki chuma chenye matawi ndicho manifoldi. Kinapokea moshi wote wa injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Kati yake na injini hukaa gasketi ya kuziba. Gasketi yako imeungua, na uso wa chuma chenyewe umepinda kwa joto."

"Dawa yake ni nini?"

"Dawa ya kudumu ni kukifungua chote. Tukipeleke kikanolewe uso uwe sawa, tuweke gasketi mpya ya chuma na nati mpya. Uniachie gari siku mbili tatu."

Masalu alitikisa kichwa. "Makoye, mpunga wa watu uko Didia na mvua ndiyo hiyo inakuja. Huwezi kupaka ile gundi ya silikoni tu?"

"Kupaka naweza. Lakini mahali hapa joto lake ni kali. Silikoni itashika siku chache, halafu itapasuka na kumomonyoka. Na gari hili mnakaa juu ya injini. Moshi ukivuja hauendi nje, unakuja kwenu."

"Paka tu, ndugu yangu. Wiki ijayo nitalileta ulifungue."

Makoye akaenda kuchukua silikoni.

Kesho yake gari lilikuwa kimya, na Masalu alifurahi. Wiki ijayo ikafika, ikapita. Ikaja nyingine, nayo mvua zikawa zimeanza, na wakulima walimsihi Masalu awahi kuchukua mpunga wao kabla haujaloa. Ile sauti ilirudi kidogo kidogo, mpaka watu wa nyumbani wakaizoea. Kila Jumamosi jioni Lusia alirudi na maumivu ya kichwa. Mama yake, Suzana, alidhani ni jua, akampa maji na kumwambia alale. Lusia mwenyewe alikuwa ameona kwamba kichwa kilimwuma akiwa ndani ya gari na kupoa akishateremka. Mara moja alitaka kulisema jambo hilo, lakini baba yake alikuwa amechoka, naye akaona si neno la kumsumbua nalo.

Jumamosi moja ya Aprili walikwenda Didia kumchukua Bibi Scolastika. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, na alitakiwa kuonwa na daktari mjini. Walimkuta ameketi barazani, amevaa gauni lake la kanisani, kifurushi kiko miguuni.

"Mwangaluka, mayu," Masalu alimsalimu mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nilidhani mvua imewazuia."

Bibi aliketi kiti cha nyuma ya dereva, Lusia kando yake. Hawakufika mbali, mvua ikanyesha kwa nguvu. Matone yaliingia ndani, na Bibi akaanza kutetemeka.

"Funga dirisha, mjukuu wangu. Baridi inaniingia mifupani."

Lusia akafunga dirisha. Baba yake naye akapandisha la kwake.

Mbele kidogo waliwakuta watu wamesimama. Lori lilikuwa limekwama kwenye tope, limeziba njia yote. Masalu hakuzima injini, kwa sababu betri yake ilikuwa dhaifu na aliogopa gari halitawaka tena. Aliwaambia wamsubiri, akashuka kusaidia kusukuma.

Ndani mlikuwa na joto. Bibi alimsimulia Lusia jinsi Masalu alivyokuwa akichunga ng'ombe utotoni na kusinzia, mpaka ng'ombe wakaingia kwenye choroko za jirani. Walicheka wote wawili. Halafu Bibi akasema kichwa chake ni kizito. Aliegemea bega la mjukuu wake, akanyamaza. Lusia alidhani amelala. Naye alisikia macho yake yakijifumba, mikono ikiwa mizito kana kwamba si yake.

Alipozinduka alikuwa amelala juu ya majani mabichi, mvua inampiga usoni. Alitapika. Baba yake alikuwa amepiga magoti karibu yake, lakini hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amemshika Bibi mabegani.

"Mayu," alikuwa akisema. "Mayu, niitikie."

Bibi hakuitika.

Watu walisaidia kuwafikisha hospitali kwa gari jingine. Huko Lusia aliwekewa hewa safi ya mtungi. Daktari alimweleza Masalu taratibu, na Lusia aliyasikia yote akiwa kitandani. Moshi wa gari una gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Harufu wanayoisikia watu ni ya vitu vingine vilivyomo ndani ya moshi. Gesi hiyo ikiingia mwilini huizuia damu kubeba hewa. Kichwa huuma, usingizi huja, na mtu hudhani amechoka tu.

"Mama alikuwa mtu mzima," alisema daktari. "Moyo wake haukuweza kustahimili. Pole sana."

Bibi Scolastika alizikwa Didia, kando ya kaburi la mumewe. Wakati wa matanga Masalu aliketi na wanaume wenzake, lakini chakula alikipitisha kwa jirani yake bila kukigusa. Wazee walisema ni kazi ya Mungu. Kila walipolisema neno hilo, Masalu aliinama zaidi.

Lusia hakulia mbele za watu. Alipobaki peke yake alikumbuka mkono wake ulivyozungusha kile kipini cha dirisha, na alijisikia kama aliyemfungia bibi yake mlango.

Waliporudi Kambarage, kipanya kiliachwa uani. Lusia hakufuta tena vioo vyake. Alipofagia alikizunguka kwa mbali, na vumbi likajaa juu yake. Mwezi ulipokaribia kwisha, Masalu alimwambia mkewe kwamba hataki tena kukiona. Atakiuza. Jioni ile alirudi na silikoni, akainua kiti cha mbele, akapaka mwenyewe.

Mnunuzi alikuja baada ya siku chache. Alikuwa mama mchangamfu aliyekuwa akipikia wachimbaji wadogo huko karibu na mgodi wa Bulyanhulu, na alitaka gari la kubebea masufuria, mchele na kuni. Watu walimwita Mama Blessing, kwa jina la binti yake mdogo aliyekuja naye. Masalu aliwasha gari. Liliunguruma taratibu, bila kugonga.

"Hili linanifaa," alisema Mama Blessing. "Blessing, njoo uone. Wewe na mdogo wako mtakaa hapa mbele, pana joto zuri. Asubuhi tunaondoka kabla jua halijatoka, mtakuwa mnalala mpaka tunafika."

Yule mtoto alipanda kiti cha mbele akaketi, miguu inaning'inia. Lusia alimtazama. Alimfuata baba yake aliyekuwa amesimama nyuma ya gari.

"Baba, mwambie."

"Lusia, ingia ndani."

"Baba, watalala humo. Kama mimi na Bibi." Sauti yake ilianza kukatika. "Mimi nilijua kichwa kinaniuma nikiwa ndani ya gari na sikusema. Na dirisha nililifunga mimi. Sasa nikinyamaza tena, na huyu naye..."

Masalu alisimama akimtazama mwanawe kama aliyekuwa hajamwona tangu siku ya mazishi. Kisha akachuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Ni hilo umelibeba siku zote hizi? Sikiliza, mwanangu. Dirisha halikumwua bibi yako. Mtu yeyote angelifunga kwenye mvua ile. Moshi niliuacha mimi ndani ya gari. Makoye alinionya na nikamsikia vizuri." Alifuta uso wake kwa kiganja. "Na leo nilikuwa nakwenda kuuacha tena, kwa watoto wa mtu mwingine."

Aliinuka, akaenda akazima injini. Alimteremsha Blessing taratibu kutoka kitini.

"Mama Blessing, gari hili haliuziki," alisema. "Limetulia kwa sababu nimepaka silikoni juzi. Chini yake gasketi imeungua. Mama yangu mzazi amefia humu kwa moshi."

Mama Blessing alimvuta binti yake karibu, akamkumbatia.

"Poleni sana, Baba Lusia," alisema. "Ningeondoka nalo leo hii. Je, linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Lilikuwa linatengenezeka tangu siku ya kwanza."

"Basi litengenezwe kwanza. Mimi nitasubiri."

Makoye hakumlaumu Masalu walipofika kwake. Alimpa mkono wa pole, akavaa ovaroli, akaanza kazi. Lusia alikuwa likizo, akaomba kukaa atazame. Makoye aliifungua manifoldi, akaweka rula ya chuma juu ya uso wake, na Lusia aliona mwanga ukipenya chini ya rula. Ile silikoni ilibanduka kwa kidole kama ukoko mkavu. Manifoldi ilipelekwa kunolewa, ikarudi uso wake umenyooka. Makoye alisafisha pande zote mbili mpaka zikang'aa, akaweka gasketi mpya, kisha akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, akirudia.

"Mbona hukazi moja mpaka mwisho?" Lusia aliuliza.

"Nikikaza moja peke yake, chuma kitapinda upande huo na upande wa pili utaachia. Lazima zishike pamoja."

Aliiacha injini ichemke, akaizima, akangoja ipoe, akakaza tena. Alibadilisha na mpira wa kuziba kifuniko cha injini. Mwisho aliziba mdomo wa ekzosi kwa matambara kwa muda mfupi huku injini inanguruma, ili moshi utafute pa kuvujia. Wote watatu waliinamisha vichwa wakasikiliza. Hapakuwa na mvumo wa moshi popote pengine.

Mama Blessing alipokuja kulichukua gari, Makoye alimwonyesha kila kilichobadilishwa na kumwasa asiwaache watoto ndani ya gari lililosimama likiwa limewashwa. Kipanya kiliondoka, kikashika njia ya Kahama. Masalu na Lusia walisimama mpaka kilipotoweka, kisha wakaanza kurudi nyumbani kwa miguu.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema Masalu walipokuwa njiani. "Mimi ufa niliuziba, mwanangu, ila niliuziba kwa kitu nilichojua hakitadumu, na nilichojenga ni kaburi la mama yangu. Kazi inayolinda uhai wa watu usiifanye nusu, na usiiahirishe. Na ukiona hatari, sema, hata kama aliye mbele yako ni mkubwa, hata kama amechoka. Mimi nitakusikiliza. Siku ile uani ulinifundisha hivyo."

Lusia aliitikia kwa kichwa. Ndipo machozi yaliyokuwa yamemgomea tangu Didia yakaanza kutoka. Baba yake hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono, wakapunguza mwendo, wakaendelea kutembea.