Saa Mkononi mwa Fundi

Aliyesema baiskeli zisiingizwe kwenye jengo la maduka alikuwa na akili zake, lakini mlinzi siku ile alikuwa kwenye simu. Basi msichana akaingia nayo, tope hadi kwenye kope, kaptura ya kubana imelowa, soksi moja juu na nyingine chini, akiwahi duka la dawa kabla halijafungwa. Ukumbi ulijaa watu wa Jumamosi. Alipokata kona ya duka la mapazia, usukani ukanasa ncha ya kitambaa cha rangi ya maziwa kilichoning'inizwa mlangoni. Hakuhisi kitu. Jora zima likaanza kujikunjua nyuma yake, na watu wakawa wanasogea kulipisha kama wanampisha bibi harusi.

"Dada," sauti ya kiume ikamfuata, haina haraka. "Hilo pazia umelinunua, au mnafuatana tu?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono vizuri, futi ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kwenye kola. Kati yao, sakafuni, kitambaa kizima kimebeba alama za tairi.

"Mungu wangu. Samahani kaka. Nitalifua."

"Utalifuaje, na wewe mwenyewe hujafuliwa?"

Watu wakacheka. Msichana aliona aibu mpaka masikio yakamchoma, na katikati ya aibu ile akacheka naye. Fundi alipoyaona yale meno meupe ndani ya lile tope, kazi yake ya siku iliishia pale. Wapo wanaopendana kwa manukato. Hawa walipendana kwa uchafu, na tangu siku ile Fundi akamwita Tope.

Tope alishindana mbio za baiskeli za milimani, zile za kupanda kilima kwa kukanyaga na kushuka kwenye mawe kwa kumuomba Mungu. Alikuwa na timu, alikuwa na kocha, na mbele yake kulikuwa na mbio za mchujo. Mshindi angeteuliwa kwenda kushindana nje ya nchi. Tope alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka kula. Fundi yeye hakujua baiskeli, alijua mapazia, lakini kila jioni alipiga simu.

"Leo umepanda?"

"Nimepanda mpaka miguu inanitukana."

"Na kesho?"

"Kesho Kocha kasema nilale."

"Kazi nzuri hiyo. Hawatafuti msaidizi?"

Masikini, alikuwa anatania, hakujua amegusa kidonda.

Kidonda chenyewe kilikuwa nyumbani. Tope aliishi na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu utoto, mfuaji wa mashuka hospitalini. Dada alitoka asubuhi na kurudi na vifundo vya miguu vimevimba. Siku moja alirudi mapema, bado yuko na sare yake ya kazi, akamkuta Tope amelala mchana kweupe, miguu imeegemezwa ukutani, kama Kocha alivyoagiza. Alipita jikoni akaanza kuosha vyombo. Tope alilala pale akisikiliza sahani zikigongana, akatamani ardhi ipasuke immeze. Heri angetukanwa.

Tangu siku hiyo, mapumziko yakawa mateso. Akilala anajiona mvivu, akiamka anajiona mkaidi. Akaanza kutamani kutoroka kwenda vilimani siku za kulala, ili angalau Dada amkute amechoka kama watu wengine. Ila Kocha alikuwa amemvisha saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, na saa ile ilipeleka habari moja kwa moja kwenye simu ya Kocha. Kocha alikuwa mama wa makamo, aliyewahi kushindana mwenyewe hadi magoti yakagoma.

"Mazoezi yanakubomoa, mwanangu," alikuwa akisema. "Usingizi ndio unaokujenga. Ukinitoroka, nitajua."

Ndipo Tope akaenda dukani kwa Fundi na ile saa kiganjani.

"Mpenzi, nivalie hii."

"Zawadi?"

"Mzigo. Nivalie mpaka jioni, nizunguke vilima kidogo. Kocha ataona moyo wa mtu aliyetulia."

"Huo si uongo?"

"Uongo mdogo."

"Kwani uongo nao siku hizi unapimwa kwa futi?"

"Fundi wangu. Mara moja tu."

Haikuwa mara moja. Kila siku ya mapumziko Tope alipita dukani asubuhi, akavua saa, akapanda baiskeli akaenda. Fundi alikaa kutwa kwenye cherehani, moyo wake wa mtu wa kukaa ukidunda taratibu kwa niaba ya mwingine. Alijua si sawa. Lakini aliogopa kwamba akikataa, Tope atatafuta mkono mwingine. Na kuna jambo lililomtia aibu zaidi ya yote: alipenda kuivaa. Mkanda ulifika kwake bado una joto.

"Unalala vizuri sana," Kocha alimwambia Tope. "Moyo umetulia kama maji ya mtungini. Sasa tuongeze mazoezi."

Akaongeza. Kwa hiyo Tope akawa anabeba mzigo wa Kocha na mzigo wake wa siri juu yake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila siku zile ilionekana ndefu na imewekwa lami.

Dalili zilianza. Ngazi za dukani alizipanda ameshika ukuta. Midomo ikatoka vidonda. Kitu kidogo, machozi. Asubuhi moja Fundi alimpa chai, akageuka kukata uzi, aliporudi akamkuta amefumba macho.

"Tope, leo usiende."

"Na wewe umekuwa Kocha?"

"Umelala na kikombe mkononi."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unakoroma."

"Basi nilikuwa nafikiri kwa sauti."

Wakacheka. Kisha Tope akanyoosha mkono wenye saa, na Fundi, huku bado anacheka, akaivaa. Baadaye, hiyo ndiyo asubuhi aliyoikumbuka kuliko zote. Alikuwa ameona kila kitu, na alicheka.

Siku ya mchujo kulikuwa na jua na upepo. Tope alivaa fulana mpya ya timu, nyekundu yenye mistari myeupe, nywele amezisuka zikabana chini ya kofia ngumu. Fundi alifunga duka, akaja amevaa shati lake la Jumapili, akasimama karibu na utepe. Dada naye aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzunguko wa kwanza Tope aliongoza. Wa pili alikuwa wa tatu. Kwenye mlima wa mwisho aliiambia miguu ikanyage, na miguu haikumsikia. Haikuuma hata. Ilikataa tu. Akashuka, akaketi juu ya jiwe kando ya njia, mbele ya watu wote, na wasichana aliokuwa akiwafundisha kukata kona wakaanza kumpita mmoja mmoja.

"Dada, umepata pancha?" mmoja wao alimuuliza akipita.

"Ndiyo," alisema Tope. "Pancha."

Kocha alisikia, akaja akihema, anachechemea kwa magoti yake mabovu, pampu mkononi. Akaiinamia tairi ya mbele, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ngumu. Akabonyeza ya nyuma. Ngumu vilevile. Aliiweka pampu chini, akamshika Tope mkono kumwinua, na Tope alishindwa kumtazama usoni.

Chini ya turubai, Mwenyekiti wa timu alikuwa anasubiri.

"Huyu ndiye uliyesema yuko tayari?" alimuuliza Kocha.

"Kosa ni langu," alisema Kocha. "Moyo wake ulionyesha amepumzika, nikamwongezea kazi. Nimemuumiza mtoto wa watu. Sikujua kusoma."

"Basi itabidi tutafute anayejua kusoma."

Kocha aliinamisha kichwa kama mwanafunzi. Tope alisimama palepale, mdomo umefungwa, anayasikia yote. Sema, alijiambia. Sema sasa. Fundi alikuwa ukingoni mwa turubai, anamtazama, anamsubiri, na alimsubiri mpaka Mwenyekiti akaanza kugeuka aondoke.

"Samahani," alisema Fundi. "Samahani, mama. Ile saa siku za kulala nilikuwa naivaa mimi. Yeye alikuwa vilimani."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni mzaha. Kocha hakumtazama Fundi hata kidogo. Alimtazama Tope, anasubiri akatae.

"Nani amekuuliza?" Tope alimwambia Fundi, na kila mtu akajua ni kweli. Akaipita baiskeli yake, akampita Dada aliyekuwa ameshika chupa ya maji, akaenda zake kwa miguu.

Jioni alipokea simu ya Fundi mara moja tu.

"Uliniumbua mbele za watu."

"Nilikuumbua wewe, au nilimsitiri Kocha?"

"Ningesema mwenyewe."

"Lini, Tope?"

Akakata. Swali lile ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

Timu ilimsimamisha msimu mzima, na ile saa ikarudishwa kwa Kocha. Safari ya nje ikaenda kwa mwingine. Kocha walimbakiza. Tope yeye alipatwa na homa, akalala, safari hii bila kuagizwa na mtu, uso ameugeuzia ukutani. Mlango ulipofunguliwa mchana akajaribu kuinuka.

"Nilikuwa nataka kuosha vyombo," alisema.

"Lala," alisema Dada. Akaketi kitandani, akavua viatu vyake vya kazi. "Kumbe ulikuwa unayakimbia mapumziko kwa ajili yangu?"

Tope akageuka kumtazama.

"Siku ile uliponuna," Tope alianza.

"Sikununa. Niliona wivu. Nilitamani nikusukume kidogo nilale pembeni yako, nikaona haya. Mtu mzima mimi, namwonea wivu mtoto niliyemlea." Akajipangusa macho kwa ncha ya sare. "Haya, sogea."

Tope akasogea, na wote wawili wakalala mchana kweupe, vyombo vikabaki vichafu hadi jioni.

Alipopata nguvu, akaenda kwa Kocha. Alimkuta uani, anapaka mnyororo mafuta.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilikuacha ubebe aibu yangu. Nilikuwa nimesimama pale na nikanyamaza."

"Ndiyo, ulinyamaza," alisema Kocha, anaendelea na mnyororo. "Tairi ni ngumu, wewe ukasema pancha. Hiyo iliniuma kuliko saa."

Tope alilia kwa kuinamisha kichwa, na Kocha alimwacha alie mpaka atosheke. Kisha akafuta mikono.

"Sasa nijibu mimi, maana karibu nikupeleke kwa daktari wa moyo. Kila siku ya kulala, moyo umetulia kutwa nzima. Ikifika jioni, unaruka kama umeona chui. Halafu kimya, saa haina mapigo. Fundi wenu hufanya nini jioni? Anahamisha makabati?"

"Jioni?" Tope alifikiri. "Jioni hafanyi kitu. Jioni ndiyo nilikuwa naingia dukani kuchukua..."

Hakumaliza. Kocha alimtazama, akatikisa kichwa.

"Mapenzi kikohozi, mwanangu. Na mimi ninamsomea kijana wa watu mapigo yake, najiona mtaalamu." Akaitoa ile saa mfukoni. "Chukua. Na ulale."

Duka la mapazia lilikuwa tulivu. Fundi alikuwa anashona pindo, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Alipomwona mlangoni, cherehani ikanyamaza.

"Nimekuja bila baiskeli," alisema Tope. "Nisije nikaondoka na duka."

Fundi hakucheka.

"Ulisema nilichopaswa kusema mimi," Tope akaendelea. "Nilikuchukia kwa sababu ulinitangulia. Nisamehe."

"Mimi sina la kukusamehe. Nilikuona unakwisha, Tope. Nikawa naivaa. Hata siku ya kikombe. Nilikuwa naona aibu kukupigia."

"Kwani nimekuja kupokea aibu yako? Nina yangu tele."

Hapo ndipo alipotabasamu kidogo. Tope alijinyoosha juu ya majora yaliyopangwa ukutani, akavua viatu, akaiegemeza miguu yake juu, pale wateja wanapopita. Mama mmoja aliingia kuulizia pazia la jikoni, akamkodolea macho. Uso wa Tope ukawaka moto, lakini hakuinuka.

"Huyo anaumwa?" mama aliuliza.

"Yuko kazini," alisema Fundi.

Mama alipoondoka, Fundi alirudi kwenye pindo lake, akachoma sindano, akaichomoa bila kushona.

"Nikuulize kitu? Usiinuke lakini. Kocha kasema ulale."

"Uliza."

"Unaonaje tukioana?"

Tope hakuinuka. Alitazama dari, mikono kifuani, mtiifu kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Simu yake ndiyo iliyolia. Alikuwa Kocha.

"Wewe mtoto, nimekwambia upumzike. Unapanda mlima gani saa hizi?"

"Nimelala, Kocha. Haki ya Mungu."

Upande wa pili Kocha akakohoa.

"Na saa kaivaa nani?"

Tope alimtazama Fundi, aliyekuwa ameshika kitambaa cheupe kwa mikono miwili na hajui akiweke wapi.

"Nimeivaa mimi," alisema.

"Basi mjibu kijana wa watu," alisema Kocha, "halafu ulale."