Sanduku Linalosimama Kwenye Moja

"Kitendawili," Nyundo alisema, akilipiga kofi sanduku mezani.

"Tega."

"Halina mdomo, lakini likisema, mji mzima unalala chini."

"Bomu la nyuklia," Shemeji alinong'ona. Hakucheka.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili. Shemeji ndiye dereva, mume wa dada yake Fundi. Fundi ndiye aliyelitengeneza sanduku: mbao, rangi, betri, tarakimu nyekundu. Alilitengenezea tamthilia ya Jumanne kwenye televisheni. Kila wiki shujaa hukata waya, na saa, kama Fundi alivyoitega, husimama kwenye sekunde moja.

Shemeji hakuwa na habari kwamba ni la kuigiza.

"Usimwambie," Nyundo alikuwa ameonya. "Mwoga akiogopa kweli ndipo anapotii."

Asubuhi dada alikuwa amemshika Fundi mkono. "Kaka, nirudishie mume wangu. Hilo tu."

10:00

"Chini wote! Bomu la nyuklia! Dakika kumi, mji mzima majivu!" Nyundo alifoka, sanduku likiwa kaunta.

Duka zima la sonara lililala. Kisha bibi mmoja akainua shingo.

"He! Si lile la Jumanne hilo?"

"Ndilo," msichana wa kaunta akasema. "Hata ule mkwaruzo pembeni."

"Basi tulieni, wanangu. Litasimama kwenye moja."

Mtu akacheka. Sonara akaukalia ufunguo wa sefu.

06:00

Nyundo akavunja kabati la vioo. Mikufu ikaingia mfukoni, na damu yake nayo. Kengele ikaanza kulia.

02:00

Dirishani Fundi alimwona Shemeji garini. Macho kwenye saa ya mkononi. Huyu anahesabu kifo, Fundi akawaza.

Akalikimbilia dirisha. Akaligonga kwa ngumi zote mbili.

"Ni mbao, shemeji! Mbao tupu! Usituache!"

Kioo kilikuwa kinene kama ukuta. Shemeji aliona mdomo uliopanuka, ngumi, na macho yaliyotoka pima. Akaelewa alichoelewa: kimbia.

00:40

Gari likaondoka kwa kishindo.

"Umemwambia nini?" Nyundo akauliza.

"Ukweli."

00:01

Tarakimu zikasimama. Nje, ving'ora vilikuwa vimefika mlangoni.

"Nilisema mimi," bibi akasema, akijipangusa magoti.

Nyundo akaketi juu ya vigae vya kioo. Fundi akainua mikono. Dada alitaka mumewe arudi nyumbani. Saa hizi alikuwa njiani.