Mtu wa Minyororo

Giza lilikuwa linaanza kuingia nesi mstaafu alipotoka nyumbani kumpelekea mdogo wake dawa za presha. Alikuwa amezisahau mezani tena.

Mtaani walimwita huyo mdogo wake Profesa, kwa utani, maana kazi yake hakufundishwa na mtu. Alikuwa mchomeleaji wa mageti, hadi siku moja, umri umeshamtupa mkono, akaanza kuunganisha minyororo ya baiskeli na springi za magari, akatoa ndege, akatoa mbuzi, akatoa watu. Hakuna aliyevitaka. Jirani mmoja alikubali kupewa twiga, akawa anamtumia kuanikia soksi.

Miezi miwili sasa Profesa alikuwa anaunda mtu mzima, wa kimo chake mwenyewe. Aliagizwa na mwanamke mmoja aliyeshusha gunia la minyororo mlangoni, akaenda zake bila kuacha jina.

Nesi alipokaribia karakana alisikia nyundo.

Ko... ko... ko...

Akapitia nyuma, kwenye bomba. Akamkuta Profesa ameinama, ananawa mikono.

Na nyundo bado inagonga.

"Nani yumo ndani?" alinong'ona.

Profesa hakuinua kichwa. "Nimemwacha anamalizia."

"Umemwacha nani?"

"Dada... twende nyumbani."

Nesi akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na jioni yenyewe ilikuwa ya joto la kutoa jasho. Miaka thelathini ya wodini haisahauliki; vidole vyake vilitafuta mapigo vyenyewe. Mkono wa kushoto, kimya. Akasogeza vidole. Kimya. Akachukua wa kulia. Yalikuwepo, lakini kwa mbali, pole pole.

Pigo moja. Na ndani, ko.

Pigo moja. Ko.

Akauachia mkono, akazunguka mbele. Akausukuma mlango.

Harufu ya chuma kilichoungua ilimpokea, na chini yake harufu nyingine, ya jasho la mtu. Mtu wa minyororo alisimama katikati ya chumba. Nyundo ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake, ukutani.

Mlio ulikuwa unatoka kifuani mwa huyo mtu wa minyororo.

Nesi akaweka kiganja pale. Palikuwa na uvuguvugu.

Hakufikiri mara mbili. Akanyakua mashine ya kukatia chuma, akaiwasha, akaigusisha begani mwa lile sanamu. Cheche ziliruka... na kule bombani mdogo wake akapiga yowe.

Alimkuta ameketi kwenye matope, ameshika bega. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole.

"Usimkate," alisema Profesa. "Nakuomba, dada yangu. Usimkate."

Nesi akamkokota hadi barabarani, akasimamisha gari, wakaenda hospitali. Mlango wa karakana aliuacha wazi.

Daktari alisema mshipa wa mkono wa kushoto umeziba. Huwapata wagonjwa wa presha wanaoruka dawa. Kuhusu bega, huenda alijikata na bati pale alipoanguka. Nesi aliitikia kwa kichwa. Hata yeye, enzi zake, angemwambia mgonjwa hivyo hivyo.

Asubuhi alirudi kufunga karakana. Sanamu halikuwepo. Sakafu ya saruji ilikuwa na mikwaruzo mipya, miwili miwili, kuelekea nje. Yule mwanamke kaja na watu, wakaliburuta, alijiambia. Akajiambia tena.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akamwita pembeni.

"Profesa anaendeleaje? Nimemwona alfajiri anapita hapa. Nikamsalimia, hata kugeuka hakugeuka."

"Umemfananisha. Yuko wodini, hajashuka kitandani."

Fundi cherehani aliviringisha uzi kidoleni.

"Basi, mama... huyo niliyemwona alikuwa anaelekea huko huko hospitali."

Nesi alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia.