Zamu ya Mpishi wa Chumvi

Msiniulize kama naamini uchawi. Mimi nasimulia tu yaliyomkuta mdogo wangu mbele ya macho yangu. Huyu tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake hauna breki.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua linawaka. Chiriku alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi mitano, amechoka kukaa ndani, nikamwambia twende tukanyooshe miguu. Tukaingia makumbusho madogo ya chumvi, nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa zamani jiko la kuchemshia maji ya chumvi. Chumba cha kwanza kilikuwa na vikapu, mizani yenye kutu na picha ukutani. Mtoto nilimbeba mimi mgongoni. Chiriku yeye alibeba utani wake.

Chumba cha pili kilikuwa na karai la chuma, pana kama kitanda, kavu, limejaa vumbi. Kando yake ilisimama sanamu ya mzee, mpishi wa chumvi, kifua wazi, ameinama, ameshika mwiko mrefu wa mbao. Aliyeichonga alijua kuuchosha uso. Hata mimi niliionea huruma.

"Shikamoo, babu," Chiriku akasema huku akicheka. "Pole na kazi. Lete nikupokee."

Akauchukua mwiko. Nikacheka na mimi. Kisha nikaona mikono ya sanamu imeshuka ubavuni.

"Dada," Chiriku akanong'ona, "hautoki mkononi."

Alikuwa anakoroga. Karai lilikuwa kavu, lakini nilisikia maji yakitokota. Joto likanipiga usoni. Jasho lilimtiririka Chiriku, likamkaukia mashavuni, likawa jeupe. Mtoto akaanza kulia njaa. Maziwa yakamlowesha mama yake kifuani, yakadondokea ndani ya karai. Chwaa! Yakachemka.

Mama mtunzaji, yule aliyetukatia tiketi mlangoni, akaja mbio. Alipoona, akashika kichwa.

"Alisema atampokea?"

"Alikuwa anatania tu, mama!"

"Zamu ya hapa haikuwa na utani," akanong'ona. "Moto haukuzimwa, mwiko haukuwekwa chini. Anayeushika hatoki mpaka mwingine ampokee mkononi."

Nikanyoosha mkono nimpokee mdogo wangu. Yule mama akanichapa kofi kwenye kiganja.

"Na wewe atakupokea nani?"

Chiriku alikuwa ananitazama. Midomo ilikuwa imempasuka. Niliogopa, nasema kweli. Lakini hasira ikaushinda woga. Nikaigeukia ile sanamu.

"Babu, umepumzika inatosha. Huyu ananyonyesha. Pokea kazi yako!"

Nikaikamata mikono yake, nikaibandika kwenye mwiko. Ilikuwa ya moto. Tena laini, kama ya mtu. Vidole vikafunga kimoja kimoja, bila haraka. Chiriku akaanguka chali. Nikamwinua, tukatoka mle bila kuaga wala kutazama nyuma.

Nyumbani mtoto alishika ziwa, akaliachia, akapiga kelele. Alikataa siku ile, akakataa na kesho yake. Daktari akasema mama ana hofu tu, anywe maji mengi. Tukamlea mtoto kwa maziwa ya kopo, akanenepa vizuri, Mungu mkubwa.

Ila maziwa ya mama yake hayakukatika. Mtoto sasa anakwenda shule, na Chiriku bado anakamua asubuhi na jioni. Asipokamua, kifua kinamuungua. Siku moja alisahau kikombe dirishani, juani. Nilipokwenda kukiosha, chini palikuwa na chenga nyeupe. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Nikaenda kuitemea nje, asinione.