Ndani ya Siku Tatu

Kila jioni, akishavua sare na kuosha vyombo, binti mmoja wa shule alimtilia bibi yake dawa ya macho. Bibi alikuwa mshonaji. Sindano ya cherehani ilikuwa imevunjika na kipande kikamrukia jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa halioni vizuri tangu zamani. Nyumbani walimwita mjukuu huyo Profesa, maana ndiye peke yake aliyesoma Kiingereza, na jina hilo lilimvimbisha kichwa kwelikweli.

Jumatatu Bibi alirudi kutoka zahanati na kadi iliyoandikwa kwa Kiingereza, akamwomba amsomee. Profesa aliikodolea macho. Alitambua neno "jicho" na neno "tatu"; mengine yote yalimpiga chenga. Aliona aibu kusema hajui.

"Wanasema uendelee na dawa mpaka iishe," alijibu bila kupepesa macho.

Bibi alimshukuru, akaiweka kadi kwenye kisanduku cha nyuzi. Tangu hapo binti hakupata raha. Akifagia, alikizunguka kisanduku kile kwa mbali, kana kwamba ndani mna nyoka. Jumatano Bibi alikosea mshono mmoja mara tatu, jambo lisilo la kawaida yake. Alhamisi asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, aliuliza kwa upole, "Mbona hamjafungua pazia?"

Pazia lilikuwa wazi. Profesa alichukua mkoba wake, akaenda shule.

Siku hiyo, utadhani anaandamwa, mwalimu wa Kiingereza alifundisha jinsi wenye lugha hiyo wanavyotaja mambo yajayo. Mara nyingi, alisema, hulifunga jambo na muda wake: kesho asubuhi, wiki ijayo, kabla ya Ijumaa, baada ya saa mbili. Hata kitenzi kikiwa cha wakati uliopo, kama kwenye "tunasafiri Jumamosi", neno la muda ndilo linaloonyesha kwamba safari bado iko mbele. Kisha akaandika ubaoni maneno yenye maana ya "rudi ndani ya siku tatu".

Profesa aliyatambua palepale. Ndiyo yaliyokuwa kwenye kadi. Alihesabu siku kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

Hakungoja kengele. Alimweleza mwalimu kila kitu, akaruhusiwa kuondoka. Alifika nyumbani akihema, akapiga magoti mbele ya cherehani.

"Bibi, nilikudanganya. Sikuielewa ile kadi. Walitaka urudi ndani ya siku tatu, na leo ndiyo ya tatu."

Bibi alijifunga kitambaa kichwani, akanyoosha mkono ili aongozwe. Wakashika njia ya zahanati.

Daktari alikuta usaha umeanza kulijaza jicho. Alilisafisha, akabadilisha dawa, akasema wangechelewa hadi wiki ijayo lingepotea kabisa. Lakini sasa litapona. Walipotoka, Bibi alikaa kwenye benchi la nje, jicho likiwa limefungwa bandeji, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Kuanzia leo, usipojua jambo, sema hujui," alimwambia. "Ungesema hivyo Jumatatu, ningekwenda kumuuliza mwingine, miguu ninayo. Lakini wewe ulinipa jibu, nami nikatulia nyumbani, nikingoja kupofuka."